Kona ya Mwedo

Pale karakana ya idara ya barabara walimwita Bi Rula, na hakuwa mkali hata kidogo. Rula ya chuma ilikaa mfukoni mwa aproni yake kutwa nzima. Akiinama ilimchoma kiunoni, anaguna, anaendelea na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika vibao vya barabarani kwa mkono. Aliandika SIMAMA, aliandika DARAJA JEMBAMBA, WATOTO WANAVUKA, na majina ya mitaa ambayo mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Kwa miaka ishirini na sita mji mzima ulisoma mwandiko wake bila kujua kuwa ni mwandiko wa mtu.

Hakuanzia kwenye brashi. Aliajiriwa kufagia stoo. Siku moja mtunza stoo, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji, alimwomba amwandikie lebo za makopo ya misumari. Msimamizi alipopita, akasimama mbele ya rafu na kusoma "misumari ya inchi tatu" kwa utulivu wa mtu anayesoma kadi ya mwaliko. Akauliza nani ameandika. Mtunza stoo akamwonyesha yule mwanamke wa ufagio. Wiki iliyofuata ufagio ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Alikuwa na mawazo yake juu ya vibao, ambayo asingeyatoa mpaka aulizwe, na hakuna aliyemuuliza. Barua mtu huikalia kitako, gazeti hulikunja akalirudia jioni, lakini kibao husomwa na mtu mwenye haraka zake, tena kwa jicho moja. Kwa hiyo herufi za kibao hazitakiwi kupendeza, zinatakiwa kusimama. M ikipanuka miguu, inammeza jirani yake. O ikiwa nyembamba, kwa mbali inageuka I. Na hakuna anayekishukuru kibao. Dereva akikiona anakanyaga breki na kwenda zake. Asipokiona ndipo kibao hutajwa, tena mbele ya polisi.

Kwenye mambo ya kalamu alikuwa mgumu zaidi. Kila neno, kabla halijafika kwenye bati, alilichora kwanza kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye vijumba. Alihesabu vijumba, akagawa nafasi, akaweka karatasi ubavuni mwa bati, kisha akanakili kwa chaki na kufuatisha kwa rangi. Na kalamu ilikuwa moja: nyeusi, nyembamba, yenye kishikizo cha chuma, ambayo wino ukiisha unabadilisha mrija tu. Alipewa na dada yake mkubwa, mpiga chapa, aliyesema yeye ana mashine nzima ya kuandikia, kalamu ya nini. Bi Rula aliujua uzito wake kama anavyoujua uzito wa kijiko cha nyumbani kwake. Hakumwazima mtu yeyote. Alishaona kwamba duniani hakuna aliyewahi kurudisha kalamu ya mwenzake. Watu husema "niazime" kwa ajili ya adabu tu.

Mtu mmoja hakuomba. Huyo alikuwa mumewe, fundi saa, mwenye kibanda karibu na posta. Asubuhi moja, akiwa na haraka ya kumwandikia mteja kijikaratasi, aliichukua ile kalamu mezani, akaandika nayo, akaitia mfukoni mwa shati na kuondoka.

Siku hiyo Bi Rula alikuwa na kibao cha kona ya barabara ya kiwandani, PUNGUZA MWENDO, na gari la kukipeleka lilikuwa linasubiri. Akaazima peni ya mtunza stoo. Ilikuwa peni ya kukata wino, ile inayoandika ikitaka. Akaandika PUNGUZA vizuri. Akaandika M, W, E, na peni ikakauka. Akaipuliza. Akaitikisa. Akaikwaruza pembeni mwa karatasi mpaka wino ukatoka, akarudi kwenye mstari na kumalizia D na O. Kisha akahesabu herufi zilizokuwepo, akazigawia nafasi sawasawa, akanakili alichokiona. Mkono wake uliiamini karatasi kuliko kichwa.

Kibao kilisomeka PUNGUZA MWEDO. Maneno yalikuwa yamekaa katikati ya bati sawasawa, kushoto na kulia hakuna tofauti hata ya unene wa kucha. Vijana wa kuchimba nguzo wakakisimika, wakaimwagia nguzo zege kwa koleo, wakarudi. Hakuna aliyekisoma. Ni kibao, kila mtu alishajua kinasema nini.

Wiki tatu baadaye mumewe alipita pale kwa baiskeli. Jioni alikula mpaka akamaliza, akanawa, ndipo akasema:

"Mama watoto, mwedo ni nini?"

"Ni nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Serikali inataka tuupunguze."

Bi Rula hakulala vizuri siku chache. Alikwenda kwa msimamizi na kumweleza. Msimamizi akasema nguzo imemwagiwa zege, wavumilie, wiki ijayo watapeleka watu. Wiki hiyo ilipofika likabomoka daraja upande wa pili wa mji, na baada ya daraja kukawa na mafuriko, na baada ya mafuriko msimamizi akahamishwa. Bi Rula akasema mara mbili tena, akanyamaza.

Kwa mumewe alilisema mara moja tu, kwamba kama asingechukua kalamu, yote yasingekuwa.

"Kalamu nilikuwa nayo mfukoni," alijibu fundi saa. "N sikuwa nayo."

Likaishia hapo. Kalamu ilirudi siku ile ile, haina mkwaruzo.

Watu wa kona walianza kwa utani. Mtu akiulizwa unashukia wapi, anasema Mwedo, wanacheka. Baada ya mwaka mmoja waliacha kucheka lakini hawakuacha kusema. Kukawa na Saluni ya Mwedo, kukawa na Mwedo Mbao na Mabati, na zahanati ya pale ikaanza kuandika "Mwedo" kwenye kadi za watoto, mahali pa makazi. Bi Rula aliyasikia haya kwa vipande vipande. Mara moja alikuwa kwenye foleni ya benki, mwanamke mbele yake akamwambia karani kwamba anakaa Mwedo, na karani akaandika bila kuinua macho. Bi Rula alijitazama viatu. Hakujua kama alichokuwa nacho ni aibu au ni kitu kingine ambacho hakina jina, akakiacha kama kilivyo.

Ilipita miaka kumi na tisa. Karakana ikaletewa mashine. Unaandika neno kwenye kompyuta, mashine inakata herufi kwenye karatasi ya gundi inayong'aa ikipigwa na taa, unabandika kwenye bati, basi. Pamoja na mashine akaja mhandisi mpya, binti wa miaka thelathini hivi, mchapakazi, mwenye mazoea ya kula mchana akiwa amesimama. Akamwita Bi Rula ofisini.

"Mama, umebakisha muda gani ustaafu?"

"Miezi minane."

"Nataka nibadilishe vibao vyote vya mkono. Lakini hatuna orodha. Waliokuwa na orodha wamehama nazo kichwani. Wewe ndiye uliyeviandika. Chukua gari, chukua daftari, pita barabara moja moja, uniandikie kila kibao kinasema nini na kiko wapi."

"Niandike kinavyosema, au kinavyotakiwa kusema?"

Mhandisi akafikiri kuwa ni mzaha, akacheka kidogo. "Vyote viwili, kama vinatofautiana."

Kazi ile ilichukua wiki tano. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua kusimama mahali pazuri. Bi Rula alishuka kwenye kila kibao, akakisoma kama hajawahi kukiona, akaandika. Vingine vilikuwa vimepauka mpaka maneno yakabaki kama jasho kwenye kitambaa. Kimoja kilikuwa kimegeuzwa meza ya kuuzia nyanya, upande wa maandishi ukiwa chini. Muuzaji alimwinulia kwa heshima akisome, kisha akarudisha nyanya zake. Nyuma ya vibao watu walikuwa wamechonga majina, mioyo, na hesabu ambazo hazikumalizika. Aligundua kwamba mwandiko wake wa miaka ya mwanzo ulikuwa na kiburi. Mikia ya R ilikuwa mirefu bila sababu. Aliandika hayo yote isipokuwa habari ya mikia.

Kona ya Mwedo waliifikia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Kibao kilikuwa kizima kuliko vingi alivyoviona njiani, kwa sababu kuna mtu alikuwa akikifuta vumbi. Mtu huyo alikuwa fundi baiskeli, mwanamume wa makamo, aliyetandika vyombo vyake chini ya kivuli cha bati hatua chache kutoka kwenye nguzo. Alisimama alipoona gari la idara.

"Karibuni. Mmekuja kukitoa?"

"Tumekuja kukiandika tu," alisema Bi Rula. "Kukiorodhesha."

"Andika vizuri basi. Hiki kina historia."

Dereva, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa na historia, akazima injini na kushuka. Fundi baiskeli akafuta mikono kwa kitambaa na kuanza, kwa mpangilio wa mtu aliyeyasema mara nyingi.

"Shamba lote hili, kuanzia hapa mpaka ule ukuta wa kiwanda, lilikuwa la Mzee Mwedo. Barabara ilipokuja, wapimaji wakataka kuipitisha katikati ya nyumba yake. Akakataa. Wakaja wakubwa, akakataa. Mwisho wakamwekea kibao hapa, mbele ya mlango wake, cha kumwamuru: Punguza, Mwedo. Yaani apunguze shamba. Hakupunguza hata hatua moja. Ndiyo maana barabara ikabidi ipinde."

Dereva akaitazama barabara ilivyopinda, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Rula alikuwa amesimama na kalamu juu ya daftari. Angeweza kuandika na kupanda gari. Akasema:

"Kibao hiki nimekiandika mimi."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Miaka kumi na tisa sasa. Kilikuwa kiseme punguza mwendo. Peni ilikata wino, N haikutoka."

Fundi baiskeli alimtazama, akamtazama dereva, akamtazama tena. Hakukasirika. Alikuwa na upole wa mtu anayeongea na mgeni aliyepotea njia.

"Mama, na heshima zako. Umekuja na gari la ofisi, una daftari, sikatai. Lakini marehemu baba yangu alimfahamu Mzee Mwedo."

"Alimfahamu?"

"Walikuwa wanasalimiana."

Bi Rula akainamia daftari. Aliandika: *Kona ya barabara ya kiwandani. Kinasema PUNGUZA MWEDO. Kinatakiwa kusema PUNGUZA MWENDO.* Akatafakari kidogo, akaongeza mstari wa chini: *Kiwekwe na kibao cha pili, cha jina la mahali: MWEDO.*

Njia nzima ya kurudi dereva aliendesha polepole kuliko kawaida yake. Karibu na lango la karakana akauliza, "Sasa mama, yule mzee hakuwepo kabisa?"

"Sijui," alisema Bi Rula. "Mimi najua habari ya N tu."

Mhandisi aliisoma orodha yote, kurasa sitini na moja, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Hapa hapana jina kwenye ramani."

"Kwenye ramani hapana. Lakini mtu akiumia pale, gari la wagonjwa huambiwa lije Mwedo. Likiambiwa kona ya barabara ya kiwandani linauliza ipi, ziko tatu."

Mhandisi akakubali hoja, lakini taratibu ni taratibu. Jina la mahali linahitaji barua ya wakazi. Barua ikaja baada ya siku kumi, kurasa mbili, na sahihi arobaini na tatu, tano kati yake zikiwa dole gumba. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa peni ya bluu, na mtu asiye na haraka. Ilimwelezea Mzee Mwedo, shamba lake, wapimaji, amri ya serikali na kupinda kwa barabara. Katika barua alikuwa ameongezewa wake wawili na farasi.

Barua ile ilipewa Bi Rula aitie kwenye faili. Hiyo ndiyo kazi aliyoambiwa: aitoboe matundu mawili, aiingize, afunge. Alikaa nayo mezani asubuhi nzima. Hakuwa na ugomvi na Mzee Mwedo. Kama mtu hakuwahi kuwepo, si kosa lake. Lakini faili husomwa na watu ambao bado hawajafika, na hao hawatakuwa na wa kumuuliza. Zamani aliwahi kuiamini karatasi yenye kasoro, akaipokea kama ilivyo na kuisimamisha barabarani. Kumbukumbu hiyo haikumuumiza tena, ila ilikuwa bado inajua mlango wake.

Akachukua karatasi safi na kuandika kwa ile kalamu nyeusi: *Mimi niliyekuwa mwandishi wa vibao wa idara hii naeleza kwamba neno MWEDO lilitokana na kosa langu la kuacha herufi N. Wakazi wamelitumia kwa miaka kumi na tisa na sasa ni jina lao. Napendekeza lipewe kibao.* Akatia sahihi na tarehe, akampelekea mhandisi.

Mhandisi alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mama, hii si lazima."

"Najua."

"Umebakiza miezi sita. Itakuumbua bure."

"Kosa lenyewe liko barabarani, mwanangu, kubwa kuliko mlango huu, tangu wewe uko shule ya msingi. Hili la kwenye faili ni dogo."

Mhandisi akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu. Akaigonga muhuri, akaitia juu ya ile barua ya wakazi.

Vibao viwili vikatengenezwa na mashine kwa dakika kumi na nne, vikapelekwa. Kile cha zamani kilirudi karakana na kuegemezwa kwenye ukuta wa stoo pamoja na wenzake. Kikakatwa, kikawa viraka vya paa.

Ofisi haina siri. Tarishi wa idara alikuwa na shemeji anayekaa Mwedo, na haikupita wiki mbili fundi baiskeli akajua kilichoandikwa kwenye faili. Akaja nyumbani kwa Bi Rula Jumamosi mchana, amevaa shati safi, akakaribishwa kiti na chai. Alikunywa nusu ya kikombe kwanza.

"Mama, umetuchukulia mzee wetu."

"Sijamchukua. Barua yenu iko palepale, nimeitoboa mwenyewe."

"Lakini umeweka yako juu."

"Nimeweka."

"Kwa nini? Jina umetupa. Kibao umetupa. Hilo la N lingekudhuru nini likikaa kwako?"

Bi Rula alifikiri kwa dhati, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Lilikaa kwangu miaka kumi na tisa," alisema. "Nimechoka kulilisha."

Fundi saa, aliyekuwa dirishani na lenzi jichoni, akashusha lenzi. "Bwana," alisema, "mimi ndiye niliyechukua kalamu. Kama kuna wa kulaumiwa na ukoo wa Mwedo, ni mimi."

Fundi baiskeli akamtazama kwa makini, pengine akipima kama hilo nalo linaweza kuingia kwenye historia. Akamaliza chai. Hawakukubaliana, na hawakugombana. Alipofika mlangoni akauliza kama baiskeli ile iliyoegemea ukuta, ya fundi saa, huwa inalia mnyororo. Ikasemwa ndiyo, inalia. Akasema ailete.

Fundi saa aliipeleka wiki iliyofuata, akakaa pale kivulini kungoja. Alikuwepo pia mteja mgeni, aliyeuliza habari ya jina. Fundi baiskeli akamweleza yote, shamba, wapimaji na farasi, bila kuruka hata hatua. Kisha akageuka kidogo upande wa fundi saa na kuongeza: "Kuna mama mmoja wa idara, mtu wa heshima, anasema ni kosa la peni. Mimi simbishii. Lakini jiulize mwenyewe, barabara nzima inaweza kupinda kwa sababu ya peni?"

Fundi saa aliyaleta maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Bi Rula alikuwa anakunja nguo. Akaacha shuka mkononi, akawaza.

"Hapo kanishinda," alisema, akaendelea kukunja.

Alistaafu mwezi ambao ulikuwa umepangwa. Karakana ilimpa mkoba na hotuba fupi, na mtunza stoo, ambaye naye alikuwa amezeeka, alimkumbatia. Kwa mwezi wa kwanza alipanga upya kabati zote, akazipanga tena. Ndipo siku moja dereva akasimamisha gari nje ya nyumba na kushuka na bahasha. Mhandisi alikuwa ametuma orodha ya majina na maneno ya vibao vya robo ile ya mwaka, kabla hayajaingizwa kwenye mashine, pamoja na kikaratasi kisemacho: *Tafadhali pitia.*

Tangu hapo Bi Rula huipitia kila orodha herufi moja moja, kwa sauti, akiwa ameketi mlangoni penye mwanga, hadi mumewe anahamia chumba cha pili kwa kelele. Katika bahasha ya kwanza alikuta kosa moja. Katika ya pili hakukuta, akairudia mara tatu kwa wasiwasi. Ya tatu dereva aliileta siku nne kabla ya wakati, akasema mhandisi amesema mama asiharakishe.